Grisi Kwenye Cheni ya Baba

Harufu ya grisi haibadiliki. Mikebe imebadilika, na maandishi juu ya mikebe pia, lakini fundi alipofungua kifuniko mbele ya geti letu hapa Turffontein wiki iliyopita, ilinijia ile ile ya zamani: nzito, chungu kidogo, kama chuma kilicholala ndani ya samli iliyochacha. Geti letu hufunguliwa na mota, na gurudumu la meno linaloisukuma reli yake limelegea, hivyo kila linaposogea hugongagonga mpaka dirisha la chumba changu huitikia. Fundi ni kijana wa Lubumbashi, mcheshi. "Papa, hii geti iko nalia kama mbuzi," aliniambia. "Tuweke grisi mingi kwa meno, itanyamaza. Eish, hata majirani watakupenda." Neno mbuzi lilikuwa limekwisha kunipeleka mbali.

Nilikulia chini ya mlima Rungwe, mahali ambapo ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi na migomba hudondosha maji hata mvua ikiwa imekatika. Msimu ninaouandika ni wa mvua ndefu, miaka michache kabla ya uhuru, nikiwa na umri wa miaka kumi. Baba alikuwa amemaliza mkataba wake wa kwanza katika migodi ya dhahabu ya mji huu huu ninaoishi sasa, ambao sisi tuliuita Joni. Alirudi na mablanketi mawili, mkebe wa grisi, na baiskeli nyeusi aliyoinunua Mbeya alipokuwa njiani. Cheni ya baiskeli hiyo ilikuwa imelegea, nayo ilifunikwa na kava la bati. Basi kila alipokanyaga pedali, cheni ilipiga bati kacha-kacha-kacha, na mlio huo tuliusikia tangu darajani, kabla mbwa hawajanyanyua masikio. Mama alipousikia aliinjika sufuria ya ugali, na maji yalipochemka Baba alikuwa anaegemeza baiskeli ukutani. Nilimwuliza mara moja kwa nini haitii grisi na ilhali anayo. "Chuma kikilia, kinaeleza kinapouma," alinijibu. "Cheni iliyolegea hukatwa pingili moja. Grisi haiitibu, huiziba mdomo tu." Pingili hiyo hakuwahi kuikata.

Jirani yetu, mwanamke mwenye ulimi usiochoka, aliufanyia mlio ule mzaha kila alipopita na mzigo wake wa kuni. "Mama Asajile," alimwita mama yangu kwa jina langu, "mumeo umemfunga kengele kama mbuzi ili asikupotee?" Mama alicheka na kumjibu bila kuinua macho katika kinu: "Mbuzi wa kengele hapotei, dada. Wako hana kengele, na leo sijui yuko kilabu gani." Wao walicheka wote wawili, kwa kuwa ulikuwa utani wa watu wanaopeana moto na chumvi. Mimi sikucheka. Wenzangu shuleni waliuokota mzaha ule, wakawa wakinilia "mee" kila Baba alipopita barabarani, nami nikaona haya ambayo leo siwezi kuieleza bila kujidharau.

Kisha Baba akaandikishwa tena. Lori la kuwachukua watu lingefika mjini siku ya Alhamisi, naye aliniahidi jambo moja: siku hiyo atanipakia nyuma ya baiskeli mpaka darajani, tuagane pale kama wanaume wawili. Jumatano, alipokwenda kuwaaga wazee, nilichukua mkebe wake, nikafungua kava, nikaishindilia cheni grisi mpaka vidole vyangu havikuonekana. Nilitaka aondoke kwa heshima. Aliporudi akaizungusha baiskeli uani mara moja, kimya kabisa, kisha akanitazama. "Umeiziba mdomo," alisema, akatabasamu. Mpaka leo sijui kama alinisifu.

Asubuhi ya Alhamisi Mama alinituma mtoni kufua shati la shule, nivae safi kwa kuagana. Sikuwa na wasiwasi, kwa sababu masikio yangu yalikuwa yamezoea kazi yake: baiskeli ikitolewa tu, nitaisikia. Sauti ya mtu humezwa na maji ya mto, lakini chuma hupenya. Nilifua polepole, nikakamua, nikaanika shati juu ya jiwe, nikasubiri. Nilipopanda nyumbani, ukuta ulikuwa mtupu. Mjumbe alikuwa amekuja kusema lori limewahi. "Alikuita mara mbili," Mama alisema. "Nikataka kukufuata, akanizuia. Akasema, mwache, anaficha machozi." Nilikimbia mpaka darajani. Kulikuwa na alama ya tairi kwenye tope, moja, imenyooka.

Baada ya siku mbili mjomba aliirudisha baiskeli kutoka mjini, na hakuna aliyemsikia akifika. Barua ya Baba ilikuja moja; ya pili haikuja. Ndipo maneno ya watu yalipoanza. Mmoja alisema Baba ameangukiwa na mwamba, mwingine kwamba ameoa Joni, wa tatu kwamba alimwona kwa macho yake mawili huko Rodesia. Husemwa kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nilingoja miaka mingi, na halikuja hata moja. Tangu hapo sipokei habari ya mtu isiyo na ushahidi, na hata hapa, baada ya kupekua kila orodha ya wachimbaji niliyoruhusiwa kuiona, nasema tu ninachokijua: jina lake sikulipata.

Mvua zilipokwisha niliiosha cheni kwa mafuta ya taa, pingili baada ya pingili, mpaka ikalia tena. Nikaipanda kutoka darajani kuelekea nyumbani, kacha-kacha-kacha, nikifurahia kosa nililolifuta. Mama alitoka jikoni mbio, unga mikononi, akijitengeneza kanga mabegani, na uso ambao sikuwahi kuuona kabla wala baada ya siku ile. Akaniona. "Ah," alisema, "ni wewe." Akarudi ndani. Jioni ile ile niliirudishia cheni grisi yote iliyobaki, na mkebe nikautupa mtoni.

Mwanangu anafanya kazi benki huko Sandton, naye huja Jumapili anapoweza. Wajukuu wananielewa, ila hunijibu kwa Kiingereza. Geti tunalichangia wapangaji wanne. Hugongagonga mara nyingi kwa siku, na mara nyingi si kwa ajili yangu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Niliujua mshindo huo mapema, na sikutaka kuununua kwa mkebe. Nilimwambia fundi abadilishe boliti zilizokwisha, asiyaguse meno. Alinicheka: "Papa, unapenda makelele?" Nilimlipa, akaenda zake, geti likilia nyuma yake. Mimi nisiyeamini la kuambiwa huuamini mlio huu kila unaponidanganya: nasimama, natengeneza kola, natoka mpaka kizingitini. Huwa ni jirani na mifuko yake ya sokoni. "Ah," namwambia, "ni wewe."