Asubuhi Tuliyopita Mwalo Bila Kununua

Kusema kweli, mikutano siipendi. Mtu anasimama, anawashukuru walio mbele, anawashukuru walio nyuma, na anapofika kwenye maneno yenyewe jua limeshapanda na kazi yako imeharibika. Mimi kazi yangu ni jua. Nanunua ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, mitumbwi inaporudi alfajiri, nawaanika, nawageuza, na jioni wakiwa wamekauka vizuri wachuuzi wa Bujumbura wanawachukua. Asubuhi ikinipita, siku nzima imenipita.

Mwalo wetu, ufuko wa kupakulia samaki, uko kati ya Magara na Rumonge mjini, chini ya barabara. Zamani ulikuwa na mchanga mpana, kila mwanamke na sehemu yake, na hakuna aliyemsukuma mwenzake. Maji ya ziwa yalipopanda miaka hii yalichukua nyumba za watu kwanza, kwa hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kulilia mchanga. Sisi waanikaji tulirudi nyuma kidogo kidogo mpaka tukajikuta tunaanika ukingoni mwa lami. Pale mabasi ya Nyanza-Lac yanatumwagia vumbi, mbuzi wanatembea juu ya samaki, na mvua ikinyesha tunaokota ndagala kwenye tope. Siku moja basi lilipanda juu ya samaki wa mwenzangu. Alimshika dereva shati, nami nikamsaidia kushika.

Tulichokitaka hakikuwa kikubwa. Kulikuwa na kipande cha ardhi ya komine, serikali ya hapa kwetu, juu kidogo ya mwalo, chenye majani na mawe tu. Tulitaka kisawazishwe, kiwekwe vichanja vya wavu, na upande mmoja paezekwe bati pa kujikinga na mvua. Bila hivyo, wengi wetu tungeacha kazi masika yakirudi. Mimi ni mjane na watoto wangu wanasoma. Kuacha kazi hakukuwa neno la kutamkwa nyumbani kwangu.

Komine hupata fungu la fedha za maendeleo, na kabla ya kulitumia lazima wananchi waitwe waseme lifanye nini. Pikipiki hupita na kipaza sauti ikitangaza siku na saa. Nilikuwa nimeisikia pikipiki hiyo miaka mingi, na sikuwahi kuhudhuria hata mara moja. Wala si mimi peke yangu. Ndagala huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti. Siku za mwezi mitumbwi inapumzika, nyavu zinashonwa, sisi tunafua nguo na kwenda harusini. Siku za giza hatuna nafasi hata ya kuugua. Na mikutano ya komine, sijui ni bahati gani hiyo, ilikuwa inaangukia siku za giza. Sidhani kama kuna mtu aliyekusudia. Watu wa milimani, wenye michikichi, walikuwa wanashuka wengi, wanainua mikono, wanapata walichoomba. Sisi tulikuwa tunaandikwa kwamba hatukufika, na ni kweli hatukufika.

Mwaka huo pikipiki ilinikuta nimeinama nageuza samaki ukingoni mwa barabara. Nikahesabu siku kwa vidole: giza tena. Alasiri nilinawa mikono, nikajifunga mtandio mzuri, nikaenda komine.

Aliyenipokea ni yule anayeshughulikia maendeleo, ambaye sisi tunamwita konseye. Kijana wa milimani, mpole, alinipa kiti kabla sijaomba. Nilimweleza habari ya mwezi na giza. Alifungua kalenda yake, akaitazama kwa muda, akakubali kwamba nina haki. Lakini tarehe ilikuwa imeshapelekwa mkoani na mgeni wa wafadhili kutoka nje, wa kuja kusikiliza, ameshapangiwa safari. Hakuwa na uwezo wa kuibadilisha, na niliona hasemi uongo. Aliponisindikiza mlangoni alinitania, akasema basi niwaambie wavuvi walale siku hiyo moja. Nilimwambia murakoze kwa sauti isiyo na shukrani yoyote.

Nilitembea na hasira zangu mpaka karibu na soko la mawese, na hapo mwendo ukanipungua. Yule kijana alikuwa anatania, lakini utani wake haukuwa na kosa. Kama hakuna samaki asubuhi ile, hakuna mwanamke wa kubaki mwaloni.

Jioni nilikwenda kwa shemeji, kaka wa marehemu mume wangu. Ni tajiri wa mitumbwi, na anachofanya yeye matajiri wengine wanakifuata. Mume wangu alipofariki ndiye aliyesimamia mazishi, na watoto wangu hawakulala njaa mwezi ule, hilo silifichi. Nilisalimia, nikakaa mkekani na mke wake, nikaomba mitumbwi ilale usiku mmoja tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama jua limeniingia kichwani. Usiku mmoja wa giza ni chakula cha wavuvi wake wote na wake zao. Nilimwambia sisi tukiacha kuanika, atamuuzia nani? Akasema wenye magari na barafu wapo, watachukua samaki wabichi. Nilimkumbusha kwamba wenye magari huja wanapotaka na hutaja bei wanayotaka. Akasimama, na mtu mwenye nyumba akisimama, mgeni anajua.

“Shemeji, mu mukutano muende tu,” alisema. “Lakini ziwa haiendake mu mukutano.”

Usiku ule niliutumia kumjibu peke yangu, na asubuhi bado nilikuwa namjibu. Wenzangu walipokusanyika barabarani na mabeseni yao, hasira ilinipa ulimi. Niliwaambia kama matajiri wa mitumbwi hawataki kulala, basi wavue. Ila asubuhi ya mkutano, hakuna hata mmoja wetu atakayenunua. Mitumbwi irudi, ituletee ndagala wa kujaza mwalo mzima, sisi tuwe tumekaa kwenye ukumbi wa komine.

Nilijua wanawaza nini kwa sababu nami nilikuwa nakiwaza. Atakayevunja mapatano peke yake atanunua karibu bure. Ataanika peke yake, atauza peke yake, na mwezi huo atakula nyama. Mkubwa wetu kwa umri, mama aliyeanza kuanika kabla sijazaliwa, ndiye aliyelisema waziwazi. Alisema anaijua njaa ya kila mmoja wetu, na ya kwake anaijua zaidi. Hakutaka tuape. Alitaka siku hiyo tupitie mwaloni sote pamoja, tuwe tumevaa vizuri, ili kila mtu amwone mwenzake akipita.

Habari zilienea mwaloni. Matajiri wengine walipiga hesabu zao, wakaona hakuna maana ya kuchoma mafuta ya taa kwa samaki wasio na mnunuzi. Mitumbwi yao ililala. Shemeji akatoka kuvua. Alitaka kutuonyesha, na kwa tabia yake ningeshangaa kama asingetoka.

Asubuhi ile tulishuka mwaloni tumevaa vitenge vya harusini. Mitumbwi yake ilikuwa imesharudi, na sijui kama niliwahi kuona ndagala wengi namna ile kwa mtu mmoja. Alikuwa peke yake ziwani usiku mzima, samaki wote walikuja kwenye taa zake. Walimwagwa juu ya maturubai, wanang'aa, wabichi kabisa, na jua la siku hiyo lilikuwa jua ambalo mwanikaji huliomba kwa Mungu. Vijana wa mitumbwi walikuwa wamekaa pembeni, wamechoka, wanatutazama sisi.

Shemeji alikuja moja kwa moja kwangu. Alitaja bei. Sitaiandika, maana hata leo nikiitaja moyo unaniuma. Nilitikisa kichwa. Akaitaja ndogo zaidi, na sauti yake ikashuka ikawa ya mtu wa nyumbani.

“Shemeji, chukua. Samaki itaoza.”

“Itaoza,” nilisema. “Mukutano iko saa tatu.”

Nikapita. Sikugeuka, si kwa ushujaa, bali kwa woga. Niliogopa nikigeuka nitamwona mmoja wetu ameinama. Nilikuwa natembea nikisikiliza kandambili za wenzangu kwenye mawe, nikijaribu kujua kama zimepungua. Tulipofika barabarani ndipo nikathubutu kutazama nyuma, na wote walikuwepo. Mama yule mkubwa alikuwa wa mwisho, anahema, na alikuwa analia kwa ajili ya wale samaki. Nami nililia. Tuliotoka kulia ndio tulioingia ukumbini.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Watu wa milimani walikuwa wamekuja kuomba daraja, maana mto wao ukijaa mabido, yale madumu ya mawese, hayashuki na watoto hawavuki kwenda shule. Mzee wao mmoja alizungumza Kirundi kizuri, kwa kituo, na aliponukuu maneno ya mjukuu wake hata waliosimama madirishani waliinama kumsikiliza. Sikupenda kwamba amezungumza vizuri, na sikupenda kwamba alikuwa na haki. Fedha zilikuwa za kazi moja tu.

Zamu yetu ilipofika walinisukuma mbele. Nilianza Kirundi, nikaishia Kiswahili, konseye akimfasiria mgeni kwa Kifaransa. Nilisema habari ya barabara, basi na tope. Nilisema tumeacha samaki mwaloni wanaharibika wakati nazungumza, na anayetaka kuhakikisha ashuke akanuse. Kisha nikamgeukia yule mzee nikamwambia daraja lake ni la kweli, na mwakani akija kuliomba, siku ikipangwa vizuri, sisi tutakuja kumwinulia mikono. Mwaka uliofuata tulikwenda, tukainua. Lakini siku hiyo tulijiinulia wenyewe, na tulikuwa wengi kuliko wao.

Tuliporudi jua lilikuwa limeshapita katikati. Vijana wa shemeji walikuwa wamewatia chumvi wachache na wengine wamewamwaga kwa bata. Yeye alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Nilimsalimia, hakuitika.

Hakuniitikia kwa miezi. Sikukuu nilipeleka watoto wamsalimie, akawapa sikukuu yao, akaniulizia afya yangu kupitia kwao kana kwamba naishi Kigoma. Wakati huo ardhi ilisawazishwa, vichanja vikasimama, bati likapanda. Ilikuwa nzuri kuliko tulivyoomba. Na ndipo wasiwasi mwingine ukaanza, kwa sababu wachuuzi wakubwa, ambao hawakuwahi kuonekana kwenye vumbi letu, walianza kupita wakipima vichanja kwa macho. Mahali pa kuanikia bila msimamizi wa haki pangekuwa pao kabla ya mwaka kwisha, na sisi tungerudi kando ya lami.

Komine ikatangaza kazi ya msimamizi. Tangazo lilibandikwa mlangoni, na masharti yalikuwa mawili: ajue kusoma na kuandika, na asiwe na ugomvi na watu wa mwalo. La kwanza nilikuwa nalo. Kuhusu la pili, wenzangu walinitazama. Niliomba hivyo hivyo. Kama ningeacha, ningekuwa nimepita samaki wale bure.

Walioomba tulikuwa wachache, na siku ya kuhojiwa mlango wa ukumbi ulikuwa wazi kwa yeyote anayetaka kusikiliza. Mezani alikuwepo konseye, mkuu wa kolini, yaani wa kilima chetu, mama yetu yule mkubwa kwa niaba ya waanikaji, na kwa niaba ya matajiri wa mitumbwi, shemeji. Nilipomwona nilitamani kurudi nyumbani. Badala yake nilivuta kiti nikakaa wima. Kijana aliyenitangulia alikuwa na diploma na alijibu vizuri, kwa Kifaransa pia.

Mimi waliniuliza zamu zitapangwaje, nikasema atakayefika kwanza ndiye wa kwanza. Waliniuliza nitafanya nini mtu mwenye fedha akitaka vichanja vyote, nikasema atasubiri na beseni lake mkononi. Kisha konseye, bila kuniangalia, alisema kuna jambo lazima aliulize kwa sababu limeandikwa kwenye tangazo. Akamgeukia shemeji, akamuuliza kama ni kweli ana ugomvi na mama huyu.

Shemeji alikunja mikono mezani. Nilimjua, alikuwa bado amekasirika, na hasira yake haikuwa ya kuigiza.

“Ugomvi iko,” alisema. “Mimi ni shemeji yake. Nilimuzika bwana wake, nililisha watoto wake. Asubuhi ile nilimupatia samaki karibu bure, akanipita. Mbele ya vijana yangu.” Akapumua. “Sasa mumuweke. Mutu aliyenipita mimi, hakuna mutu yeye atapendelea. Na muandike kama ni mimi nimesema.”

Konseye aliandika. Niliinamisha kichwa ili wasione uso wangu.

Kazi nilipata, na bado ninayo. Shemeji mpaka leo hanisalimii kwa mdomo. Lakini siku hizi mke wake anaanika pia, na asubuhi mkewe akichelewa, shemeji mwenyewe humbebea beseni, anakuja mpaka vichanjani, anasimama nyuma ya wa mwisho.