Kizibo cha Fundi Elimringi

Fundi Elimringi hakuwahi kukosea. Ungetaka ushahidi, ungemuuliza yeye mwenyewe. Kwa miaka kumi na minane aliyotengeneza magari pale Majengo, Moshi, kila gari lililorudi na tatizo lilikuwa na mkosaji wake: dereva, barabara, au vipuri. Mimi nilikuwa jirani yake, nauza injini na giaboksi zilizotumika, zile zilizoanza kumiminika kutoka Dubai biashara ilipofunguliwa. Kwa hiyo mara nyingi mkosaji nilikuwa mimi.

Mwaka tisini na tano akatujia Mektrida wa Kibosho, mjane aliyenunua ndizi kwa wakulima wa huko juu na kuziteremsha sokoni mjini. Landrova aliyoachiwa na marehemu mumewe ilikuwa ya petroli, na ilikuwa inakunywa faida yote. Akanunua kwangu injini ya dizeli ya Kijapani, Elimringi akaifunga. Nasema kweli, aliifunga vizuri. Alichomelea vyuma vipya vya kuishikilia, akaiunganisha na giaboksi, akashusha tangi na kuliosha petroli yote itoke. Katika kuosha huko kifuniko cha tangi kikapotea. Mtu mwingine angeziba kwa tambara. Elimringi alichonga kizibo cha mti wa mringaringa, akakivika mpira wa tyubu, akakigongelea kwa nyundo. Vumbi lisingeingia, na mwizi wa mafuta asingekitoa bila bisibisi. Alituita majirani wote tuje tukione.

Siku ya kwanza gari lilipanda vizuri kuelekea Kibosho, na kwenye kilomita ya nane likazima. Elimringi akafuatwa, akapanda na boksi lake la spana. Mshale wa mafuta ulikuwa umekufa, kwa hiyo kwanza aling'oa kizibo, akatumbukiza kijiti, akaona dizeli ipo, akakirudisha. Kisha akabadilisha chujio la dizeli, akatoa upepo kwenye mabomba, akapiga stata. Likawaka. Aliporudi mjini akatangaza mbele ya watu kwamba injini yangu ilikuja na chujio chafu.

Safari ya pili gari lilikuwa linashuka na ndizi, likazima tena. Kizibo, kijiti, dizeli ipo, kizibo. Mara hii akasafisha nozeli, na gari likawaka. Safari ya tatu ilikuwa zamu ya pampu. Kila alichokigusa kilionekana ndicho kilichokuwa kibovu, maana alipomaliza kukigusa gari liliwaka. Alipokwisha kurekebisha kila kitu alichokifahamu, akaanza kuwaambia wateja kwamba injini ile imelelewa Japani, nchi ya tambarare, haijazoea mwinuko. Hapo nilikasirika. Nilimwambia Japani kuna mlima mkubwa, nimeuona kwenye kalenda.

Sisi tukibishana, Mektrida ndiye aliyekuwa anaumia. Ndizi zake zilikuwa zinaivia barabarani, na wanunuzi wake sokoni walikuwa wameanza kumhama. Alikuja gereji akiwa ametulia, jambo lililonitisha kuliko kama angefoka. Akasema Jumamosi anapanda na gari lile mara moja tu. Likizima, analiuza chuma chakavu na kurudi kubeba mikungu kichwani, kazi iliyommaliza mama yake magoti. Tena sote wawili, mimi niliyeuza na fundi aliyefunga, tutakuwemo ndani.

Jumamosi tukapanda, Mektrida akiendesha, sisi tumebanana kando yake bila kusemeshana. Nilihesabu kila kilomita. Kwenye ile ya nane gari lilikohoa, likajivuta kidogo, likazima. Mektrida aliweka mikono yake mapajani akatazama mbele, na mimi nilitamani ardhi inimeze. Elimringi alishuka huku akinung'unikia Wajapani, akazunguka hadi kwenye tangi. Mektrida akamfuata. Kizibo kilipong'oka, tangi likavuta pumzi ndefu, fyuuu.

“Fundi, umesikia hiyo?” Mektrida akauliza.

Elimringi akamjibu kwamba ni hewa tu, mama asiwe na wasiwasi, shida itakuwa pampu.

“Ndiyo, ni hewa. Ilikuwa nje, sasa imeingia. Mimi nimeuza mafuta ya taa miaka sita. Dumu ukilitoboa tundu moja tu, yanatoka kidogo, halafu yanagoma. Hili tangi umelinyonga, linapumua pale tu unapong'oa kizibo kupima dizeli.”

Akamnyang'anya kizibo, akakitia mfukoni, akamkataza kugusa hata spana moja. Akapanda, akapiga stata mara tatu. Likawaka. Tulipanda mpaka nyumbani kwake Kibosho bila gari kuzima, tangi likiwa limefunikwa kwa jani la mgomba. Hapo akapasha msumari moto jikoni, akatoboa tundu katikati ya kizibo cha mringaringa. Elimringi alimtazama akifanya hivyo.

Jumatatu asubuhi alikuja kibandani kwangu akaniomba nimsindikize Kibosho. Mkononi alikuwa na jani la isale. Kwetu Uchagani ukimpelekea mtu isale umemwomba msamaha, naye hawezi kukunyima. Lakini Elimringi ni mtu wa Machame, na watu wa Machame na Kibosho walipigana enzi za mababu. Nilimuuliza kama hakika anataka kwenda. Akasema twende kabla hajabadili mawazo.

Tulimkuta Mektrida uani, amezungukwa na wakulima waliomletea ndizi. Elimringi aliamkia wazee, kisha akanyoosha jani kwa mikono miwili.

“Kosa ni langu, mama,” akasema. “Si injini. Ni kizibo changu.”

Miaka kumi na minane sikuwahi kusikia maneno hayo kinywani mwake. Hasira zangu zote zikaniishia palepale.

Mektrida alilipokea jani, akaligeuza, akaingia jikoni. Akatoka na ule msumari, akalitoboa katikati.

“Nimekusamehe, fundi,” akasema. “Na hili nalo lipumue.”

Akalifunga kwenye kioo cha pembeni cha Landrova, akatuambia tupande, maana soko lilikuwa linamsubiri.