Kilo Ishirini na Mbili

Karakana ya fundi wa raketi ilikuwa chini ya ngazi za watazamaji, chumba cha kuinamia, ambako warefu wote wa chuo walishajifunza adabu kwa kugonga kichwa. Humo mlikuwa na mashine ya kukazia nyuzi, mkasi, koleo, na ukuta uliojaa misumari. Kila msumari ulikuwa na kadi ya mchezaji mmoja, na kwenye kadi zimeandikwa kilo za kukazia nyuzi zake. Mwenye mkono mzito alikaziwa sana ili mpira usimponyoke. Mwenye mkono mwepesi alilegezewa kidogo ili raketi imsaidie kusukuma. Kwa miaka kumi na tisa Fundi hakuwahi kukosea hata kilo moja, na jambo hilo alilisema mara nyingi kuliko watu walivyopenda kulisikia.

Msumari wa tatu kutoka mlangoni ulikuwa wa binti yake. Alisoma pale pale chuoni, akicheza wawili wawili na nahodha wa timu ya wasichana, na kwa kuwa hakufunga mdomo hata mpira ukiwa hewani, wenzake walimwita Chiriku. Baba naye akawa Baba Chiriku, mama akawa Mama Chiriku. Likizo iliyopita homa ilimshika Jumatatu, Ijumaa wakamzika. Chuo kilipofunguliwa, wachezaji wakarudi kumwita baba yake "Fundi" tu, wakidhani wanampunguzia uchungu. Kila alipoitwa hivyo aliitika, lakini jina alilolingoja lilikuwa lile jingine.

Wiki ya mechi za kufungua msimu, Kocha alimletea kadi mpya. Ilikuwa ya msichana aliyehamia kutoka chuo kingine. Jina lake lilikuwa halijawakaa watu mdomoni, basi wakamwita Mgeni. Kilo ishirini na tano.

"Itundike popote penye nafasi, Fundi," Kocha alisema huku anatazama viatu vyake.

Nafasi ilikuwa moja, na wote wawili waliijua. Fundi hakuwa na moyo wa kuitoa kadi ya zamani, kwa hiyo aliitundika mpya juu yake, kwenye msumari ule ule. Asubuhi ya mechi alikaza raketi nane mfululizo. Alipofika kwenye msumari wa tatu hakuangalia kadi. Aangalie nini? Mkono wake uliujua msumari ule kwa miaka mitatu.

Wapinzani walifika kwa basi, wakapasha misuli, mechi ya wawili wawili ikaanza. Nahodha akasimama na Mgeni. Mpira wa kwanza wa Mgeni ulipita juu ya mstari wa nyuma. Wa pili ukaufuata. Wa tatu ukaenda kugonga uzio.

"Nje!" refa aliita, na baada ya muda ilikuwa kama hajui neno jingine.

"Huyu ndiye aliyewekwa mahali pa Chiriku?" mtu mmoja alinong'ona ngazini. "Bora wangeacha pawe patupu."

Fundi alilisikia neno hilo, na tusimfiche: alifurahi. Alifurahi kwa furaha mbaya, ya kuona pengo la mtoto wake limekataa kuzibwa. Akaegemea, akafumba macho. Na ajabu, alipofumba macho alimsikia Chiriku. Sauti ilikuwa yake kabisa, ile *bup* laini ya nyuzi zilizolegezwa, si *ta* kavu ya raketi za wenzake. *Bup*, kimya, *bup*. Akatabasamu peke yake mchana kweupe.

Halafu akafumbua macho. Aliyekuwa anapiga ni Mgeni.

Seti mbili zikaisha, wamefungwa zote. Mgeni alikaa benchi, taulo kichwani. Kocha alipita karibu na Fundi akijisemea, "Mchana simchezeshi. Namtoa. Nilikosea mimi kumchukua."

Hapo Fundi angeweza kunyamaza. Ni nani angejua? Kilo tatu za nyuzi hazionekani kwa macho. Mgeni mwenyewe hakuwa wa kusema; mtu aliyefika juzi hawezi kumwambia fundi wa miaka kumi na tisa kwamba amekosea. Msumari ungebaki wa Chiriku.

"Kocha," aliita. "Mtoto hana kosa. Nimemkazia raketi kwa kilo za marehemu."

Ilikuwa mara ya kwanza kutamka neno hilo, marehemu. Hata makaburini hakulitamka.

Wakashuka karakanani, Fundi na Mgeni. Msichana alikaa kwenye kigoda, raketi ikafungwa mashineni. Fundi alishika mkasi, akausogeza kwenye nyuzi, akaurudisha. Akausogeza tena.

"Baba, nikate mimi?" Mgeni aliuliza taratibu.

"Hapana, mwanangu. Raketi ni yako, kosa ni langu."

"Mimi nilidhani ni mkono wangu. Nikasema leo nimejiaibisha."

"Mkono wako mzima. Mkono wako hauna neno."

Akakata. Nyuzi zilifyatuka na kujikunja, naye akalia hapo hapo mbele ya mtoto wa watu, bila kujificha, huku vidole vinapitisha nyuzi mpya. Akakaza kilo ishirini na tano, akatazama kadi mara tatu. Kisha akaitoa ile ya chini, akaitia mfuko wa shati.

Mchana Mgeni alicheza mechi ya mmoja mmoja, akashinda. Mipira yote ilitua ndani, *ta*, *ta*, *ta*. Fundi alipiga makofi kama wengine, lakini mechi nzima masikio yake yalikuwa yanatafuta sauti nyingine, na haikuja.

Jioni alimkuta mkewe uani akianua nguo. Mama Chiriku hakuwahi kukanyaga uwanja ule hata siku moja. Kila mechi ilimkuta kwenye zamu ya kufua hospitalini, na kila mara alisema atakwenda mechi ijayo. Fundi alimweleza yote bila kuruka kitu, hata ile furaha mbaya. Akamwonyesha kadi.

"Ishirini na mbili. Alikuwa na mkono mwepesi."

"Mwepesi!" mama alisema. "Na sahani zangu zote alizovunja?"

Wakacheka, na kicheko kikawashinda kukimaliza. Mama akajifuta uso kwa shuka aliyoishika.

"Kwa hiyo leo umemsikia."

"Nimemsikia."

"Mimi sikuwahi. Kesho nipeleke, Baba Chiriku. Nataka niisikie hiyo sauti."

"Nimezikata zile nyuzi, mke wangu."

"Si unaweza kukaza nyingine? Kilo si hizo umezishika?"

Fundi aliitazama kadi mkononi mwake.

"Kukaza nitakaza," alisema. "Atapiga nani?"