Utando Kwenye Kamba ya Nguo

Tangu Volti aondoke, nyumba ile haina tena sauti ya mtu anayeeleza mambo. Mkewe, mfugaji wa kuku, huchemsha chai, huinywa, huosha kikombe, na hakuna anayemfafanulia jinsi maji yanavyochemka. Miaka yote ya ndoa alifafanuliwa kila kitu.

Jina la Volti mwanamume yule alijipa mwenyewe alipokabidhiwa ufunguo wa banda la betri la mtaa. Kazi ilikuwa kufungua asubuhi, kufagia, kutazama kama bomba halivuji, na kufunga jioni. Yeye akaipandisha cheo. Akanunua koti jeupe, akaanza kutembea kama aliyeliwasha jua kwa kiberiti chake.

Betri yenyewe haikuwa na makuu. Ilikuwa matangi mawili ya plastiki, kila moja na maji yake ya asidi. Mchana paneli za jua ziliyachaji. Giza likiingia, yalirudisha umeme majumbani. Pampu iliyapitisha pande mbili za utando mwembamba wa vipande kadhaa, unaopitisha chembe za umeme lakini unaozuia maji ya huku yasichanganyike na ya kule. Sharti la utando ni moja, usikauke. Fundi mkuu wa betri alimwambia Volti, na Volti akawahubiria watu wote hadi kinyozi akachoka.

"Utando ni kama ulimi," alikuwa akisema. "Ukikauka, hauna kazi."

Ulimi wake haukukauka hata siku moja.

Siku wageni walipokuja kulitazama banda, mkewe alitoka na beseni la shuka akakuta kamba yake imejaa. Karatasi nyororo, zenye rangi ya kucha, zilining'inia zimebanwa kwa vibanio vyake.

"Baba, hivi ni nini?"

"Ndivyo vinavyowasha taa zako. Usiguse."

"Si wewe uliyesema visikauke?"

"Wageni wamevaa nguo nyeupe, mke wangu. Niwape kitu kinachodondosha asidi? Nimevifua vizuri kwa sabuni. Wakishika wakapiga picha, navirudisha."

Alikuwa anajua. Hilo ndilo lililomchefua mkewe. Mjinga husamehewa, huyu alijua, akaona picha ni bora.

Picha zikapigwa. Volti alishika kipande cha utando mkononi kama mvuvi aliyenasa samaki mkubwa, wageni wakapiga makofi, wakaenda zao. Alasiri akaurudisha utando wote mahali pake, umejikunja, pembe zimepasuka kama midomo ya mtu mwenye homa. Akakaza nati, akawasha pampu, akaenda kujisifu kwa kinyozi.

Jioni taa zilififia, zikazimika. Ndani ya chumba cha nyuma mashine ya kutotolea vifaranga ilianza kupoa. Mayai yale yalikuwa yamefikia mahali ambapo ukiliweka moja sikioni unasikia linagongwa kwa ndani. Mkewe aliwataka kuku wa mayai hayo ili siku moja asimwombe mtu hata chumvi. Akayafunika kwa blanketi, kwa kanga, kwa sweta lake. Kisha akasikia majirani uani.

"Volti, umeme wetu umekwenda wapi?" Alikuwa fundi cherehani.

"Muulizeni shemeji yenu. Mashine yake ya mayai inabugia umeme wa mtaa mzima. Nimemwonya, hasikii."

Mwanamke akachukua yai moja, akaliweka sikioni; kugonga kulikuwa kumefifia. Akachukua jingine. Akatoka nalo mkononi.

"Mashemeji," alisema, "mchana huyu bwana aliuvua utando wa betri, akaufua kwa sabuni, akauanika pale ninapoanika shuka. Fungueni betri mkaone."

"Nani kamuuliza mama kuku?" Volti alicheka.

Alicheka peke yake. Fundi cherehani alikuwa akilitazama lile yai.

Kesho yake fundi mkuu alipokuja, alifungua betri, akainua juani utando uliopasuka ili kila mtu auone. Maji ya matangi mawili yalikuwa yamekwishachanganyika. Volti, akiwa ndani ya koti jeupe, akasema sabuni za siku hizi ni kali mno. Fundi mkuu akanyoosha kiganja, akasubiri hadi akawekewa ufunguo.

Mkewe alifukia mayai yaliyokufa kwa baridi nyuma ya nyumba, akanawa mikono, akamfungia nguo zake ndani ya mfuko, akauweka nje ya mlango. Volti alisimama kizingitini akimweleza jinsi ndoa inavyofanya kazi. Akaeleza sana. Mlango ulikuwa umefungwa tangu neno la tatu.

Siku hizi Volti anakaa kwa dada yake, nyuma ya kituo cha mabasi, kwenye chumba cha kuwekea mizigo.