Mwalimu Aliyeonja Ndiga

Nilirudi kijijini mwezi wa sita, baada ya kukaa Lindi mjini miaka mingi bila kupanda tena ile barabara ya Milola. Walikuwa wanabariki ukumbi mpya wa kigango, yaani kanisa letu dogo la kijijini. Nilikaa nyuma, kwenye mkeka, na kina mama wenzangu. Chakula kilipoiva mshereheshaji akashika kipaza sauti akasema, "Waheshimiwa viongozi watatangulia, sisi wengine tuwe na uvumilivu wa Kikristo." Basi wakatangulia. Wakajaza sahani, wakarudi kukaa, wengine wakaenda tena. Watoto waliokuwa wameimba tangu asubuhi wamesimama juani, macho kwenye pilau. Zamu yao ilipofika palikuwa pamebaki ukoko na mchuzi. Mama mmoja pembeni yangu akaninong'oneza, "Shoga, unalia? Njaa ndiyo imekubana hivyo?" Nikamwambia ndiyo, ni njaa. Ningeanzia wapi kumweleza?

Wewe nitakueleza, maana wewe una nafasi ya kunisikiliza. Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo usitegemee maneno ya kupangwa.

Kanisa letu wakati ule lilikuwa la miti na udongo, limeezekwa nyasi, na kengele yake ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkorosho. Padre alikuja kwa pikipiki akijaliwa. Mvua zikinyesha haji kabisa. Siku zote nyingine kanisa lilikuwa katekista, nasi tukimwita Mwalimu. Mtu mfupi, shati lake la Jumapili lilikuwa moja, na mkewe alishalibandua kola akaigeuza upande wa ndani ukawa wa nje. Sauti ya kuimba hakupewa. Akianzisha wimbo, bibi yangu alikuwa anainamisha kichwa kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo.

Nililelewa na bibi huyo. Nikifumba macho hata leo nasikia kinu chake asubuhi, na nasikia harufu ya mabibo yaliyoanguka yakachacha chini ya mikorosho, na moshi wa korosho zinazobanguliwa, ule unaochoma macho. Msimu wa kiangazi tulichimba ming'oko porini, tukaichemsha kwa chumvi, ukiila na pilipili ya kusaga na ndimu unasahau kwamba ni mzizi tu. Baada ya mafundisho ya Jumamosi watoto wote tulikula kwa Mwalimu. Mkewe alipika mbaazi za nazi kwenye chungu kikubwa. Tuliokuwa na wazazi, tusiokuwa nao, hata watoto wa madrasa waliopita njia, wote tulinawa na kukaa.

Mwalimu alikuwa anakula mwisho. Sikuwahi kuona ameanza yeye. Anasimama karibu na chungu, anatazama nani hajapata, kisha anakwangua kilichobaki. Bibi alikuwa akisema, "Yule siku njaa ikimwua, itamwua kasimama kando ya chungu." Kwenye shamba la kanisa vilevile. Palikuwa na ukingo mmoja umejaa upupu, ukiugusa unajikuna mpaka unatoka damu. Ukingo ule alilima yeye kila mwaka, na hakutoa hotuba juu yake. Alirudi amejipaka majivu mwili mzima, sisi tunamcheka.

Jirani yake alikuwa maalim wa madrasa, ua kwa ua. Wale watu wawili walitaniana mpaka wake zao wakachoka. Mwaka wa jua, nitakaokusimulia, nakumbuka maalim alichungulia juu ya ua akasema, "Mwalimu, nasikia nguruwe wote mmewamaliza, sasa mnatafuna mizizi kama wao." Mwalimu akajibu, "Wewe nyamaza, Maalim. Umefunga tangu Rajabu bila kukusudia, thawabu zako zimejaa gunia." Wakacheka, wote wawili mbavu zinahesabika.

Ulikuwa mwaka mbaya. Mihogo ilikauka ikiwa na unene wa kidole. Mikorosho ilitoa maua, maua yakapukutika. Ming'oko ya karibu ikaisha, wanawake wakawa wanakwenda mbali na kurudi na mkono mtupu. Kuku tulishawala. Hapo ndipo watu wakaanza kuchimba ndiga.

Huenda wewe hujawahi kuiona. Ndiga ni kiazi cha porini, kinene, kizuri kukitazama, na kina sumu. Wazee wa kwetu waliila wakati wa njaa, lakini kwa adabu yake. Unaimenya, unaikata vipande vyembamba, unaitia kwenye tenga, unalilaza tenga mtoni kwenye maji yanayotembea siku tatu nne, mpaka maji yaibebe sumu yote. Ukifanya haraka inakulewesha, inakutapisha, inakutetemesha, na ukizidisha inakuzika. Kwa hiyo kila nyumba iliyopika ndiga ilikuwa na desturi: mtu mzima mmoja anaonja kwanza, wengine wanakaa kumtazama. Zamani walimpa kuku. Sasa kuku hakuna.

Na hapo kijijini chakula kilikuwepo. Shika neno hilo. Lori lilikuwa limeleta mahindi ya msaada, magunia kwa magunia, yakawekwa kwenye chumba nyuma ya altare. Ufunguo alikuwa nao mwenyekiti wa kigango, yule mwenye mashine ya kusaga. Nasema ni yeye, wala sizunguki. Jumapili tukipiga magoti, harufu ya mahindi makavu ilipita chini ya mlango ikatujia usoni. Watoto tuligombea kukaa mbele, padre akadhani tumezidi uchaji.

Mahindi hayakugawiwa kwa sababu alikuwa anasubiriwa mgeni rasmi, mkubwa mmoja kutoka wilayani, aje ayakabidhi mbele ya watu. Mkubwa alisema anakuja wiki hii. Kisha ijayo. Kisha gari limeharibika. Mwalimu alikwenda kwa mwenyekiti, na mimi nilikuwa pale mashineni na bibi, tumekwenda kuomba pumba. Nilisikia yote.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, Mwalimu. Kuna nini tena?"

"Fungua mlango, mzee. Watoto wanalala mafundishoni, na si usingizi."

"Mwalimu, mahindi haya yana itifaki."

"Watoto hawali itifaki."

"Mgeni akikuta chumba kitupu atakabidhi nini? Atapigwa picha na panya? Wewe shughulika na sala, mambo ya utawala tuachie wenyewe."

Mwalimu akaamkia tena, akaondoka. Njiani bibi akamshika mkono. "Vunja kufuli, mwanangu. Mimi nitakushikia taa."

"Nikivunja, mama, watasema kigango chetu ni cha wezi. Mwakani hawataleta."

"Mwakani nani atakuwepo?"

Akaendelea na njia yake. Na mimi, pamoja na kumpenda kote, hapo namlaumu. Kufuli lile lilikuwa la kupiga jiwe moja. Angelipiga. Lakini alikuwa na heshima ya kanisa, na heshima ya kanisa ilikuwa mfukoni mwa mwenye mashine. Padre alipopita na pikipiki, mwenyekiti ndiye aliyempokea, akamwandalia, akamwambia waumini wanaendelea vizuri. Padre akala, akashukuru, akaondoka. Huyo naye namtaja. Hakuuliza mtoto hata mmoja.

Basi Mwalimu na mkewe wakachimba ndiga kwa ajili yetu. Wakamenya, wakakata. Mto lakini ulikuwa umekatika, yamebaki madimbwi tu. Bibi aliwaonya kwamba maji yaliyosimama huichukua sumu na kuirudisha. Mwalimu akasema atakuwa anayabadilisha, na kweli alishinda mtoni akichota kutoka dimbwi hili kumimina tengani, siku baada ya siku, na ndoo yake iliyotoboka.

Jumamosi ikafika. Tulikaa chini kwenye kivuli cha upenu wake, sahani kubwa katikati, mvuke unapanda. Inanukia kama muhogo. Mkono wangu ulishatangulia. Mwalimu akaurudisha taratibu akasema, "Leo nakula mimi kwanza."

Tulicheka! Binti mmoja mkubwa akasema, "Jamani, Mwalimu leo kashikwa na uroho!" Naye akacheka, akasema, "Njaa haina katekista." Akala, na hakuonja kwa ncha ya ulimi kama wafanyavyo watu. Alikula shibe ya mtoto, kwa sababu, alimwambia mkewe, wao watakula shibe, nikionja kidogo nitajuaje? Akafunika sahani kwa ungo. Akatuambia tusubiri mpaka kivuli cha upenu kifike kwenye kinu, na wakati huo tujifunze wimbo.

Tukaimba. Kivuli kilitambaa. Mimi sikuutazama uso wake hata kidogo, nilikuwa nakitazama kinu. Kisha akakosea maneno ya wimbo. Akarudia, akakosea tena, ulimi mzito, na sisi tukadhani anatuchekesha, tukamwiga. Jasho linamtiririka. Akataka kusimama, ukuta ukamkimbia. Mkewe akatoka jikoni.

"Mwaga," Mwalimu alimwambia. "Chimbia chini. Wasiguse."

Mama yule alikwenda kuimwaga chooni huku watoto tunamfuata tukilia. Nakueleza ukweli, tulikuwa tunalilia chakula. Maalim aliruka ua. Alimwita Mwalimu kwa jina lake la nyumbani, ambalo sisi hatukuwahi kulisikia, akamnywesha maji, akamtapisha, akamtikisa. "Nitukane basi," alikuwa anamwambia. "Nitukane kidogo nikusikie." Wakampandisha kwenye kitanda cha kamba, wanaume wa pande zote mbili za ua, wakaondoka naye mbio kuelekea zahanati. Hawakufika hata barabarani. Tuliona wanarudi wakitembea polepole, maalim mbele amevua kofia.

Kesho yake chumba kilifunguliwa.

Ndiyo. Msiba wa katekista una wageni wakubwa, na wageni wakubwa hawawezi kulala njaa. Mwenyekiti alitoa ufunguo, mashine ikasaga tangu alfajiri. Yule mkubwa wa wilayani, ambaye gari lake halikupona mwezi mzima, siku ile lilipona. Akasimama kando ya kaburi akasema marehemu alikuwa mfano wa uongozi wa upendo na kujitoa, na kwamba sote tumuige. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, unga wa mashine bado uko kwenye nyusi zake. Kisha mkubwa akakabidhi magunia yaliyobaki. Akapigwa picha.

Sisi watoto tulipewa ugali. Mwingi, mweupe, wa moto, na maharage juu. Tukaogopa. Hakuna aliyenyoosha mkono, tumezoea kwamba lazima mtu mzima atangulie. Bibi akaja akachuchumaa katikati yetu, akasema, "Kuleni, wajukuu zangu. Huu ameshawaonjea."

Tukala. Ulikuwa mtamu. Huo ndio uchungu wenyewe ninaobeba, kwamba ulikuwa mtamu kuliko chakula chochote nilichokula maisha yangu yote.

Mke wa Mwalimu alikaa mpaka arobaini, kisha akaenda kwa kaka yake upande wa Sudi na watoto wake. Kigango kiliahidi kuwasomesha. Miaka baadaye nilimkuta Lindi stendi anauza samaki wa kukaanga. Nikamwamkia, akanitambua, tukashikana mikono. Nikamuuliza watoto wanasali wapi. Akageuza samaki wake kwanza. "Hawasali," akasema. "Wanasema kanisa lilimla baba yao."

Mwenyekiti aliendelea kuwa mwenyekiti mpaka uzee ukamtoa, akafa kitandani kwake, kwaya tatu zikamwimbia. Padre alihamishwa, nasikia alipata cheo. Kaburi la Mwalimu nililitafuta mwezi ule wa sita, nikaoneshwa shamba la ufuta, wakaniambia pengine hapo, pengine mbele kidogo. Maalim ndiye aliyekuwa akilifyeka kila mwaka, na maalim naye hayupo. Msitu wa ndiga umekatwa wote. Vijana nikiwatajia jina hilo wananitazama kama nasema Kireno. Wanafikiri njaa ndiyo iliyokwisha. Kilichokwisha ni yule mtu wa kutangulia kwenye sahani ikiwa na sumu. Kwenye sahani ya pilau wamebaki wengi.

Jumuiya yetu mtaani hapa Lindi wamenichagua mara mbili niwe kiongozi, nimekataa. Wanasema mama huyu ana unyenyekevu. Waache waseme. Mimi nilimwona mtu akiifanya kazi ile mpaka mwisho wake, nikajua ni kazi ya namna gani, na najijua kwamba siku ile ikinijia nitaisogeza sahani kwa mwenzangu. Jumatano tunapokaa kusali nawatazama mmoja mmoja, majirani zangu, watu wazuri tu, wanaosaidiana. Watoto wao wanacheza mlangoni. Nawatazama wazazi, nawatazama watoto, kisha naangalia chini.