Koti la Pula

Mimi ni fundi cherehani hapa mtaani La Rochelle, kusini mwa Afrika, na ujuaji utaniua. Mteja wangu, Mama Zuhura, aliniagiza "koti la Pula." Majirani zangu Wasotho huita mvua pula, basi nikamshonea koti la mvua kwa kitambaa cha mwavuli. Alilichukua mbiombio, limekunjwa, akiwahi ndege.

Juzi akapiga simu ya video. Kumbe Pula ni mji wa pwani huko Kroatia. Nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi.

"Watalii wote wako kwenye uwanja wa Warumi," alisema. "Mimi niko mahandakini, chini ya mji. Maji yanadondoka, koti limeniokoa. Ulijuaje, fundi?"

Nikashusha pumzi. "Uzoefu, mama."

Mke wangu akachungulia simu. "Mama Zuhura, huyu mpaka dakika hii alijua pula ni mvua."