Mswaki wa Mpakani

Karatasi ya mauziano ya kiwanja changu cha Goba ilitaja mipaka mitatu ya kueleweka: barabara, mfereji na ukuta wa kanisa. Wa nne, upande wa jirani, uliandikwa "mti wa mswaki ulioko nyuma". Kilikuwa kichaka cha porini tu, kipana kama chumba, chenye vitunda vyekundu. Bibi aliyeniuzia alikuwa akikata humo vijiti vya kusafishia meno tangu eneo lile likiwa mashamba.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu kutoka bara, alikuwa na gari jeupe. Ndege walikula vile vitunda, kisha wakajisaidia juu ya boneti. Alivumilia misimu miwili. Siku moja nikarudi kutoka kazini nikakuta kichaka hakipo, pamechomwa na kufagiliwa. Akasema amenisaidia usafi.

Wiki iliyofuata akaleta mafundi wa ukuta. Kamba waliyovuta ilipita katikati ya bustani yangu ya mchicha. Nikamwambia mpaka wetu ni mswaki.

"Mswaki upi?" akaniuliza kwa upole.

Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, naye akataka bibi aitwe. Alikuwa amehamia Kimbiji kwa binti yake, nikamfuata mwenyewe. Alipofika tulimwamkia, akavua ndala, akatembea taratibu mpaka karibu na dirisha la jiko langu, akasema pachimbwe hapo. Fundi akachimba, mzizi ukatokea. Bibi akaukwangua kwa kisu, akautafuna kwa muda mrefu, sisi tumesimama kama tunaosubiri majibu ya maabara. Akatema pembeni.

"Ndio wenyewe."

Nilimuuliza kama ana uhakika, maana pale palikuwa hatua mbili ndani zaidi, upande wangu, kuliko kamba ya mwalimu.

"Mwanangu, matawi ndiyo yalilalia kwake. Shina lilikuwa hapa. Siku ya kununua hukuuliza, ulisaini tu."

Mwenyekiti akaandika. Bustani yote, kumbe, ilikuwa ya mwalimu. Nilitamani mtu aongee jambo lingine lolote.

Mwalimu aliutazama mzizi, akawatazama mafundi, akasema msingi umeshaanza kuchimbwa na yeye si wa kuchimba mara mbili. Ukuta ubaki kwenye kamba ya kwanza.

Nilimshukuru, kwa sauti ndogo, nikiangalia mchicha. Akaniambia niung'oe ule wa upande wake kabla saruji haijafika.